Neno Lililoandikwa Katika Daftari Lako

Kila siku sisi wauguzi tunaulizwa swali moja na wagonjwa wanaotoka chumba cha daktari: "Sista, hapa wameandika nini?" Anayeuliza ameshika daftari lake mkononi. Pengine ni mama anayeuza vitenge Mtaa wa Kongo, pengine ni kijana anayebeba mizigo sokoni Kariakoo, pengine ni mzee aliyekuja kwa miguu kutoka Gerezani. Ameshapimwa, ameshalipa, na dawa ameshaandikiwa. Lakini lile neno la ugonjwa wake hajui kama linasema jambo kubwa au dogo.

Wapo pia wasiouliza. Hao ndio wanaotutia wasiwasi zaidi, kwa sababu hurudi nyumbani na neno wasilolijua, na siku ya shida neno hilo haliwasaidii kitu. Mwezi huu tunapenda tuyazungumzie maneno hayo ya hospitalini: yametoka wapi, yanasema nini, na kwa nini kuyaelewa kunaweza kuokoa maisha ya mtu.

KIGIRIKI TUNACHOKISEMA BILA KUJUA

Maneno mengi ya tiba yana asili ya lugha ya Kigiriki, ile ambayo Biblia zetu huiita Kiyunani. Msomaji usiogope, kwani Kigiriki kidogo tayari unakijua. Neno askofu limetokana na "episkopos", yaani mwangalizi. Sehemu yake ya mwisho, yenye maana ya kuangalia, ndiyo hiyo hiyo iliyomo katika neno mikroskopu, kile chombo cha maabara cha kuangalia vijidudu vya malaria. Injili imetokana na "euangelion", habari njema. Hata kliniki, neno ambalo kila mama mjamzito analijua, limetokana na "kline", yaani kitanda. Mganga wa kliniki alikuwa ni yule anayemwendea mgonjwa kitandani pake.

Kwa nini Kigiriki? Yapata mwaka 460 kabla ya Kristo, katika kisiwa cha Kos, alizaliwa tabibu aitwaye Hippocrates. Yeye na wafuasi wake walifundisha kumtazama mgonjwa kwa makini na kuandika dalili zake. Katika karne ya 2 baada ya Kristo akafuata Galen, ambaye vitabu vyake vilisomwa na matabibu kwa zaidi ya miaka 1,000. Mtakatifu Luka, ambaye Mtume Paulo alimwita tabibu, naye aliandika kwa lugha hiyo.

Maneno hayo yalifika kwetu kwa njia mbili. Njia ya kwanza ilikuwa ya majahazi. Katika karne ya 9 huko Baghdad, tabibu Mkristo aitwaye Hunayn ibn Ishaq pamoja na wenzake walitafsiri vitabu vya Galen katika Kisiria na Kiarabu. Maneno kadhaa ya Kigiriki yakaingia Kiarabu, na kutoka Kiarabu yakafika pwani yetu pamoja na biashara. Ndiyo maana bibi wa Kariakoo akisema mjukuu wake anakohoa belghamu, anatamka neno "phlegma" la Wagiriki. Afyuni nayo ilikuwa "opion". Na hilo daftari ulilolishika, asili yake ni "diphthera", yaani ngozi iliyotengenezwa, maana watu wa kale waliandika juu ya ngozi.

Njia ya pili ilikuwa ya Wazungu. Wajerumani walifungua hospitali yao ya Ocean Road mwaka 1897, na baada ya Vita Kuu ya Kwanza wakaja Waingereza. Wauguzi na madaktari wakafundishwa kwa Kiingereza, na Kiingereza cha tiba kimejaa Kigiriki. Hadi leo tunaandika hivyo katika madaftari ya wagonjwa.

Mara nyingine njia hizo mbili hukutana. Ugonjwa wa dondakoo madaktari huuita diftheria, ambalo ni neno "diphthera" lile lile, kwa sababu kooni mwa mgonjwa huota utando mgumu kama ngozi. Basi muuguzi anapoandika katika daftari la kliniki kwamba mtoto amepata chanjo ya dondakoo ya wiki ya 6, ya 10 na ya 14, daftari na ugonjwa ni ndugu wa jina moja. Mmoja alikuja kwa jahazi, mwingine kwa meli.

YALIKUWA MANENO YA WATU WA KAWAIDA

Wengi hudhani kwamba maneno haya ni siri ya wasomi. Sivyo. Yalipoanza, yalikuwa maneno ya nyumbani, ya shambani na ya pwani.

Chukua saratani. Wagiriki waliona uvimbe wenye mishipa iliyotanuka pande zote, wakaona unafanana na kaa na miguu yake, wakauita "karkinos", yaani kaa. Walatini wakatafsiri wakasema "cancer", ambayo pia ni kaa, na ndiyo kansa yetu. Waarabu nao wakasema "saratan", na huyo pia ni kaa. Mvuvi yeyote angeuelewa mfano huo.

Bakteria maana yake ni fimbo ndogo, kwa vile wale wa kwanza walioonekana kwenye mikroskopu walikuwa wamenyooka kama vijiti. Kisukari Wagiriki walikiita "diabetes", jina la bomba la kupitishia maji, kwa kuwa mgonjwa anakunywa maji na maji hayo yanapita upesi kama bombani. Sisi Waswahili tumetazama sukari, wao walitazama maji, na wote tumesema kweli.

Kifafa walikiita "epilepsia", yaani kukamatwa, kama nasi tusemavyo kwamba fulani ameshikwa na kifafa. Watu wa wakati ule waliamini kuwa ni ugonjwa wa miungu. Lakini mwandishi mmoja wa shule ya Hippocrates alikana, akasema ugonjwa huo si mtakatifu kuliko magonjwa mengine, una chanzo chake katika ubongo. Miaka zaidi ya 2,000 imepita, na bado tunawapokea vijana waliofichwa ndani kwa miaka kwa sababu majirani wanasema ni mapepo. Kifafa kina dawa, na dawa hizo hunywewa kila siku bila kuruka.

Kifafa cha mimba, ambacho kitaalamu huitwa eklampsia, kimetokana na neno lenye maana ya kumeta ghafla, kama radi. Akina mama, jina hili mlikumbuke. Mjamzito anayeumwa kichwa kikali, anayeona vimulimuli au ukungu machoni, anayevimba uso na mikono, au anayeumwa juu ya tumbo chini ya mbavu, asingoje asubuhi wala asingoje baba watoto arudi kazini. Aende hospitali saa hiyo hiyo.

Hata jina la Kariakoo lina safari ya namna hii. Baada ya Waingereza kuingia Dar es Salaam mwaka 1916, eneo lile lilikuwa kambi ya kikosi chao cha wapagazi, Carrier Corps. Watu wakalitamka walivyoweza, likawa Kariakoo. Leo ni jina letu, na hakuna anayeliogopa. Maneno ya hospitalini nayo yanaweza kuzoeleka vivyo hivyo.

LIVUNJE NENO VIPANDE

Kiswahili ni lugha ya vipande. Ukisema "hatutakusahau", umeunganisha kukanusha, sisi, wakati ujao, wewe, na kusahau, vyote katika neno moja. Maneno ya tiba yamejengwa karibu vivyo hivyo. Ukijua vipande vichache, neno refu hupungua ukali. Hivi hapa baadhi ya vipande hivyo:

Hema, au mwishoni -emia: damu. Anemia ni kutokuwa na damu, yaani upungufu wa damu.
Kardia: moyo.
Hepa: ini.
Nefro: figo.
Nimo: pafu. Ndipo lilipotoka neno nimonia.
Gastro: tumbo la chakula.
Athro: kiungo, kama goti au kiwiko.
-itisi mwishoni: uvimbe wa ndani wenye joto na maumivu. Basi hepatitisi ni ya ini, gastritisi ni ya tumbo, athraitisi ni ya viungo.
-ektomi mwishoni: kukata na kuondoa.

Kipande hicho cha mwisho kina uzito wake. "Hystera" ni mji wa mimba. Mama anayepewa karatasi aweke sahihi kwa ajili ya histerektomi anaombwa akubali kuondolewa mji wa mimba, na baada ya hapo hatazaa tena. Mara nyingine upasuaji huo ndio unaookoa maisha, nasi hatusemi mtu aukatae. Tunasema tu kwamba mama ana haki ya kulijua jambo hilo kwa Kiswahili kabla hajashika kalamu.

Tukumbushane pia kwamba si kila neno la hospitali ni la Kigiriki. Malaria ni neno la Kiitalia, hewa mbaya. Virusi ni Kilatini, sumu. Wala kujua vipande hivi si kujua udaktari. Kunakusaidia kuuliza, hakukufanyi ujitibu.

HAIPA NA HAIPO

Sasa tufike kwenye vipande viwili vinavyotusumbua kuliko vyote. "Hyper" kwa Kigiriki ni juu ya kiasi. "Hypo" ni chini ya kiasi. Hospitalini hutamkwa haipa na haipo. Haipatensheni ni presha ya kupanda, haipotensheni ni presha ya kushuka. Haipaglaisemia ni sukari kupanda katika damu, haipoglaisemia ni sukari kushuka. Masikioni tofauti ni irabu moja. Mwilini tofauti ni kubwa kama mbingu na ardhi.

Tulimpokea mama mmoja, mfanyabiashara wa Kariakoo, mgonjwa wa kisukari wa miaka mingi. Asubuhi ile alimeza dawa zake kama kawaida, akawahi dukani kupokea mzigo, na chai hakunywa. Ilipofika saa tano akaanza kutoka jasho na kutetemeka, akawa anajibu maneno yasiyoeleweka. Wenzake walijua ana sukari. Mmoja akataka kumpa soda, wengine wakamzuia wakisema, "Unataka kumuua? Sukari imempanda!" Wakamtafutia kidonge kingine katika mkoba wake, akameza. Alipofikishwa kwetu alikuwa hajitambui, na kipimo kilionyesha sukari iko chini sana. Alitundikiwa dripu ya sukari, na baada ya muda akafumbua macho.

Katika mkoba ule ule lilikuwamo daftari lake. Wiki chache nyuma alikuwa amepatwa na hali kama hiyo kwa kiasi kidogo, na katika zahanati moja ya mjini wakaandika kwa haraka neno haipoglaisemia. Yeye na binti yake walidhani ni jina jingine la kisukari. Hakuna aliyewaeleza kama neno lile linakwenda juu au chini. Jibu la kilichotokea dukani lilikuwa limeshaandikwa, na lilikuwa pale pale ndani ya mkoba.

Kwa bahati Kiswahili kimetupa njia nyepesi ya kukumbuka. Ukisikia haipo, kumbuka kwamba sukari haipo, presha haipo, yaani imepungua mno. Wafundishe hivyo na watoto nyumbani.

Dalili za sukari kushuka huja upesi: jasho, kutetemeka, njaa kali, moyo kwenda mbio, ukali usio wa kawaida, kuchanganyikiwa, hatimaye kuzimia. Kama mgonjwa anajitambua na anaweza kumeza, mpe vijiko 3 vya chai vya sukari katika maji, au soda yenye sukari, au juisi. Baada ya dakika 15, kama hajapata nafuu, mpe tena. Akipata nafuu ale chakula. Kama una kipimo cha nyumbani, namba iliyo chini ya 4 ni ya hatari kwa anayetumia dawa za kisukari. Aliyezimia usimpe kitu mdomoni, maana kitaingia mapafuni. Mlaze kwa ubavu na mkimbize hospitali.

Sukari kupanda huja taratibu zaidi: kiu nyingi, kukojoa mara kwa mara, uchovu, kukonda. Ukiwa na mashaka na huna kipimo, na mgonjwa anatumia dawa za kisukari na anaweza kumeza, mpe sukari. Sukari kidogo kwa mtu ambaye tayari imepanda haitamdhuru sana katika muda ule mfupi, lakini kumnyima aliyepungukiwa kunaweza kumwua.

Presha ya kupanda, kwa upande wake, mara nyingi haina dalili yoyote. Kipimo cha 140 kwa 90 au zaidi, kikirudiwa siku mbalimbali na kubaki hivyo, kinahitaji matibabu hata kama unajisikia mzima.

FAMASI: DAWA AU SUMU?

Neno famasi limetokana na "pharmakon". Kwa Wagiriki neno hilo lilikuwa na maana mbili, dawa na sumu. Tusiwashangae, kwa maana Kiswahili kinasema hivyo hivyo. Kariakoo utasikia kijana akinadi dawa ya panya na dawa ya mende, na hatua chache mbele ni duka la dawa za binadamu. Neno ni lile lile, dawa. Kinachotenganisha uponyaji na sumu ni kiasi, wakati, na mtu anayetumia.

Kwa hiyo usinunue dawa kwa kufuata jina ulilosikia kwa jirani. Antibayotiki, kwa mfano, ni "anti", dhidi ya, na "bios", uhai. Ni dawa inayoshambulia uhai wa bakteria. Mafua ya kawaida huletwa na virusi, nayo antibayotiki haiyagusi. Ukiimeza ovyo, au ukiacha nusu ya dozi kwa sababu umepata nafuu, unawafundisha bakteria usugu, na siku ukiihitaji kweli haitakusaidia. Nunua dawa katika duka lililosajiliwa na lenye mtaalamu, nenda na cheti chako, na angalia tarehe ya mwisho wa matumizi. Usinunue vidonge vilivyopangwa juani pembeni mwa barabara.

LUGHA ZETU NAZO ZIMECHANGIA

Wasomaji wasidhani kwamba tiba ni ya Wagiriki peke yao. Mwaka 1952 homa ya ajabu ilizuka kusini mwa nchi yetu, katika uwanda wa Makonde. Wagonjwa waliumwa viungo hata wakatembea wamejikunja. Wamakonde wakaipa homa hiyo jina lenye maana ya kujikunja, chikungunya. Leo madaktari wa dunia nzima, Brazili, India na Ufaransa, wanaandika neno hilo la Kimakonde katika vitabu vyao.

Na UKIMWI je? Wagonjwa wa kwanza nchini walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Mwanzoni watu waliuita ugonjwa ule Juliana, jina la vazi lililokuwa likiuzwa wakati huo, na jina hilo halikumfundisha mtu chochote. Baadaye likaja Upungufu wa Kinga Mwilini, kwa kifupi UKIMWI. Mtu asiyesoma hata darasa moja akiambiwa jina hilo kwa urefu wake anajua mara moja kilichoharibika mwilini ni nini. Huo ndio mfano tunaoupenda. Neno la ugonjwa likieleweka, nusu ya mafundisho imekwisha kutolewa.

UFANYE NINI UKIWA HOSPITALINI?

1. Kabla hujaondoka, uliza: "Ugonjwa wangu unaitwaje kwa Kiswahili?" Uliza kwa heshima, wala usione haya. Ni haki yako.

2. Kama ni neno lenye haipa au haipo, uliza: "Imepanda au imeshuka?" Omba jibu hilo liandikwe kwa Kiswahili pembeni ya neno.

3. Rudia kwa maneno yako mwenyewe yale uliyoelezwa, ili daktari au muuguzi ajue kama umeelewa.

4. Mwambie mtu mmoja wa nyumbani na mmoja wa kazini jina la ugonjwa wako, na wafanye nini ukizidiwa. Wafanyabiashara wa Kariakoo hukaa dukani kuliko nyumbani, basi jirani wa duka ajue.

5. Tembea na daftari au kadi yako, hasa mwenye kisukari, presha, kifafa, pumu au ujauzito.

Na sisi wauguzi wenzenu tunaambiana hivi: foleni ni ndefu, lakini kusema "sukari yako imeshuka" hakuchukui hata nusu dakika. Mgonjwa akiuliza mara ya pili, tumjibu kwa upole kama mara ya kwanza.

Mpenzi msomaji, leo jioni chukua daftari lako au la mzazi wako na ulipitie. Ukikuta neno usilolielewa, lipigie mstari kwa kalamu, na siku ya kliniki anza nalo. Toleo lijalo, tukijaliwa, tutazungumzia utunzaji wa miguu kwa wagonjwa wa kisukari.